Chumba cha Pius

Nyumba ya Mwalimu Deodatus Rweyemamu kule Buswelu ina vyumba vitatu vya kulala. Cha kwanza analala yeye na mkewe, Kokulinda. Cha pili walikuwa wakilala binti zao sita: watano kwenye vitanda viwili vya deka, na mdogo kabisa kwenye godoro lililosukumwa uvunguni kila kukicha. Cha tatu kilikuwa cha Pius. Kilikuwa na kitanda cha futi nne kwa sita, godoro lisilovuliwa nailoni, neti mpya, meza ya kusomea na pazia la bluu. Pius mwenyewe alikuwa hajazaliwa.

Ufunguo wa chumba hicho ulikaa pamoja na ufunguo wa pikipiki ya Mwalimu. Kila Jumamosi asubuhi alikifungua, akafuta vumbi mwenyewe kwa kitambaa kibichi, akaacha dirisha wazi nusu saa hewa ipite, kisha akakifunga. Wasichana walipokuwa wadogo walidhani ndani kuna mgonjwa. Walipokua wakajua hamna mtu, na hilo likawaudhi zaidi, kwa sababu upande wao Justa alimpiga Winnie mateke usingizini na Deodata alikuwa bado anakojoa kitandani.

Kokulinda alishakizoea. Mtu huzoea chumba kitupu kama anavyozoea jino bovu, mradi asitafunie upande huo.

Mwalimu hakuwa mtu mbaya. Hilo lisemwe mapema, maana wanaume wanaotafuta mtoto wa kiume husemwa wote kwa mkupuo mmoja. Hakuwa mlevi, hakuinua mkono, hakuwa na nyumba ndogo. Alifundisha hesabu katika sekondari moja ya Ilemela, na aliweza kuita mahudhurio ya wanafunzi sitini bila kutazama daftari. Nyumbani, akimtaka mmojawapo wa binti zake, aliita, "We mtoto!" na aliyekuwa karibu akaitika.

Shida yake ilikuwa kibanja. Kwao, Kamachumu, kuna shamba la ukoo, migomba na kahawa, kaburi la baba yake katikati, na kwa desturi yao shamba la ukoo haliendi kwa binti, kwa kuwa binti ataolewa na migomba itaingia ukoo mwingine. Mwalimu alikuwa mtoto wa tisa wa mama yake, na wa kiume peke yake. Kila baada ya Pasaka baba yake mdogo, mzee Alexander, mwenye wajukuu wa kiume wa kumwaga, alipiga simu kutoka kijijini kuuliza kama huku Mwanza wote ni wazima. Aliambiwa wazima. Aliuliza tena, kana kwamba hakusikia vizuri.

Basi wakawa wanazaa. Kila mimba ilipofika mwezi wa nane, Mwalimu alikwenda parokiani kuandikisha ubatizo wa Pius, jina la marehemu baba yake. Baada ya mara ya tatu katekista akaanza kuliandika kwa penseli. Ndivyo walivyobatizwa Odeta, Justa, Teodora, Winnie, Deodata na Evelina. Na mtu akimwuliza Mwalimu ana watoto wangapi, alijibu, "Sita, bado Pius," hata miaka ambayo mkewe hakuwa na mimba wala dalili yake.

Evelina alizaliwa kwa upasuaji, wa nne kwa Kokulinda. Daktari, kijana mwenye macho mekundu ya kukesha, aliwaita wote wawili akawaambia kwamba kovu limekuwa jembamba kama karatasi. Mimba nyingine ikikua, kizazi kinaweza kupasuka, naye hatakuwa na ahadi ya kumpa mtu.

"Uwezekano ni asilimia ngapi?" Mwalimu akauliza.

Daktari akamtazama. "Mwalimu, mimi sichezeshi bahati nasibu."

Walipokuwa wakirudi nyumbani, Mwalimu alimgeukia mkewe aliyempakata mtoto. "Umesikia? Hakutaja asilimia." Alisema kwa faraja kabisa, na Kokulinda akaelewa kwamba akitegemea faraja hiyo atazikwa nayo.

Evelina alipofikisha wiki sita, Kokulinda alikwenda kliniki akawekewa kijiti cha kuzuia mimba. Kinaingia chini ya ngozi ya mkono, kwa ndani, juu kidogo ya kiwiko, hakionekani mpaka ukishike. Alisindikizwa na jirani yake Dorcas, ambaye naye aliweka chake siku hiyo hiyo kwa nesi yule yule.

Dorcas alikuwa mke wa Chenge, Msukuma mwenye bucha, na kwa Chenge mambo yalikuwa kinyume. Yeye alikuwa na wavulana watano na alitafuta msichana. Watano hao watakapotaka kuoa, alisema, ng'ombe watatoka kwake tu, na hakuna hata binti mmoja wa kurudisha ndama. "Mwalimu, wewe umekalia zizi," alikuwa akimwambia juu ya ua wa michongoma. "Ng'ombe wanakuja kwako wenyewe kwa miguu, na wewe umenuna." Jioni nyingi walisimama hapo, kila mmoja upande wake, wakipeana moyo. Chenge alimtajia vyakula ambavyo mtu akivila hupata msichana, na Mwalimu akaviepuka kwa uangalifu. Mwalimu naye akamtajia vya mvulana. Kwa ua ule mmoja walikuwa wamezaa watoto kumi na mmoja katika kutafuta wawili.

Wake zao hawakuchangia mazungumzo. Walikuwa wakianua nguo.

Miaka mitatu ikapita bila mimba upande wowote wa ua. Kijiti kilikuwa kinaisha nguvu mwezi wa nane, na Kokulinda alishapanga siku ya kwenda kuweka kingine, Jumanne, ambayo huwa anapokea ndizi zake za kuuza pale Mwaloni Kirumba na hakuna anayemuuliza amechelewa wapi. Lakini mwishoni mwa mwezi wa saba Mwalimu alimpigia simu mama yake aje, na aje na dawa yake ya kupata mtoto wa kiume.

Ma Kokushubira alishuka kwenye meli ya Bukoba akiwa na miaka themanini na ushee, mikungu mitatu ya ndizi, senene wa kukaanga kwenye kopo la maziwa, na mizizi iliyofungwa kwa ganda kavu la mgomba. Wasichana wakampokea mizigo, shikamoo sita kwa mpigo, naye akaitikia marahaba sita, moja moja, akimgusa kila mmoja kichwani. Kisha likaja swali la mahali pa kulala. Sebuleni hapafai mtu mzima. Kwa wasichana hapakuwa na nafasi hata ya kuweka ndoo. Mwalimu akasimama ukumbini akichezea funguo zake, kisha akafungua mlango wa tatu.

Bibi akaingia, akatazama kitanda, meza, pazia.

"Nani analala hapa?"

"Pius."

"Pius gani? Pius nilimzika mwenyewe."

"Huyo ni Baba. Huyu ni mjukuu wako."

"Yuko wapi?"

"Bado hajazaliwa, Mama."

Ma Kokushubira akabonyeza godoro kwa kidole. Nailoni ikalia. "Ni mtoto msafi," akasema, akaweka mzigo wake juu ya meza ya kusomea.

Mwalimu alimwomba asiitoe nailoni, na siku mbili nyumba nzima ikajua kila alipogeuka. Siku ya tatu akaichana kwa kisu cha jikoni. Mwalimu akaiokota, akaikunja vizuri, akaiweka kabatini.

Jumamosi iliyofuata Mwalimu alikuwa shuleni kwenye masomo ya ziada, na wasichana walikuwa wakifua nyuma ya nyumba kwenye mawe makubwa. Bibi akachemsha mizizi yake. Dawa ile nusu hunywewa, nusu hupakwa mikononi na mgongoni ikiwa bado vuguvugu, na mpakaji awe mwanamke aliyezaa mwana wa kiume. Kokulinda akakaa kwenye kigoda, akavuta mikono ya blauzi juu, akili yake yote ikiwa kwenye mkono wa kushoto. Alitamani mkwe wake aanze na wa kulia, na ndivyo alivyoanza. Kisha akaja wa kushoto. Vidole vya Ma Kokushubira, ambavyo vimemenya ndizi miaka sabini, vikapita juu ya kijiti, vikarudi, vikasimama.

"Hii ni nini?"

Kokulinda angeweza kusema ni mshipa, au kovu la sindano. Lakini alikuwa amechoka, na vidole vile havikuwa vya kudanganywa. Akaeleza yote: daktari, kovu, wiki sita, Dorcas. Akaeleza akitazama moto, na alipomaliza akaona ametaja jina la Dorcas bila sababu, akajuta.

"Kinauma?" Bibi akauliza.

"Hapana, Mama."

"Kinaisha lini?"

"Mwezi huu unaoingia."

Ma Kokushubira akaendelea kupaka. Akamaliza mkono wa kushoto, akaenda mgongoni. "Dawa hii mimi niliinywa mara nane," akasema.

"Na ikakupa Baba Odeta," Kokulinda akajibu, maana angejibu nini kingine.

Bibi akanyanyua sufuria, akatazama ile nusu ya kunywa, akaimwaga kwenye shina la mpapai. "Ilikuwa chungu," akasema.

Kokulinda hakujua kama hiyo ni ahadi au ni kitisho. Siku nane zilizofuata aliishi roho mkononi. Kila mama na mwana walipozungumza Kihaya ukumbini alisimama nyuma ya mlango na ndoo mkononi, na kila mara ilikuwa habari za mnyauko wa migomba. Jumanne ikafika, na Mwalimu, ambaye hakuwa amefanya hivyo hata siku moja, akajitolea kumpeleka Kirumba kwa pikipiki na kumsubiri mpaka amalize. Kliniki haikwendeka.

Jumapili baada ya misa walikula pamoja, sato na ndizi za Bibi. Mwalimu hakuketi. Alikuwa na kalenda mkononi, na kwenye kalenda mlikuwa na siku zilizozungushiwa wino mwekundu.

"Nimepiga hesabu," akasema. "Mwezi huu tunaanza tena, tukisaidiwa na dawa ya Bibi. Tumepata wa kike sita mfululizo. Wa saba naye akiwa wa kike, hiyo itakuwa ajabu ya takwimu."

Odeta, mkubwa, yuko kidato cha nne katika shule ya baba yake na darasa la baba yake. Akaweka kijiko chini. "Baba, Alhamisi ulitufundisha kwamba sarafu haina kumbukumbu. Ukipata kichwa mara sita, ya saba bado ni nusu kwa nusu."

"Hiyo ni sarafu."

"Ulinikata alama mbili kwa jibu kama hilo lako."

"Nyumbani si darasani," Mwalimu akasema, bila hasira, kama mtu anayerekebisha anwani. "Na ushahidi ninao hapa hapa mezani. Mama, hebu waambie hawa. Kabla yangu walizaliwa wasichana wangapi?"

Ma Kokushubira alikuwa akimtolea Evelina miba ya samaki. "Wanane."

"Wanane!" Mwalimu akawatazama wote. "Na wa tisa?"

"Wa tisa alikuwa wa kike."

Mwalimu akacheka kidogo. "Mama, wa tisa ni mimi."

"Wa tisa aliitwa Kokubanza. Aliishi siku mbili. Wewe uliletwa."

Hata Deodata, ambaye hutafuna kwa sauti, aliacha kutafuna.

"Baba yako alishaambiwa na wenzake kwamba nikizaa wa kike tena alete mke mwingine," Bibi akaendelea, akitafuta miba. "Wiki ile ile mdogo wangu Teodora alikuwa amejifungua mtoto wa kiume, na hakuwa na mume, na kwetu walikuwa wanamtazama kama ameiba. Baba yako akaenda Ibwera kwa miguu, akarudi amekubeba kifuani ndani ya koti. Akauambia ukoo mke wake amezaa. Wakaja, wakanywa rubisi, wakakusifia pua. Alexander alikuwapo, alikunywa kuliko wote."

"Baba alijua," Mwalimu akasema.

"Ndiye aliyekubeba. Sikiliza, Deo. Binti zangu wanane niliwazaa kwa tumbo hili, na hakuna hata mmoja mwenye mgomba pale, ingawa ndio wanaokuja kuupalilia. Wewe ulikuja ndani ya koti, ukapewa kibanja kizima. Sisemi kwa ubaya. Nakupenda kuliko macho yangu. Lakini usiniite ushahidi."

Mwalimu alikuwa bado amesimama na kalenda yake. "Mama mdogo Teodora?"

"Huyo."

Kokulinda alimkumbuka. Mwanamke mwembamba aliyefika kila Krismasi na kuku mmoja kwapani, akakaa karibu na mlango, akamtazama Mwalimu anavyokula. Mwalimu alikuwa akimlalamikia kwa mkewe kwamba mama mdogo yule anamhesabia matonge. Binti yao wa tatu alipozaliwa, Ma Kokushubira ndiye aliyeomba aitwe Teodora, na walikubali kwa kuwa hawakuwa wameandaa jina la kike. Huyo mama mdogo alifariki miaka minne iliyopita, mwezi wa mitihani.

"Sikwenda kumzika," Mwalimu akasema. "Nilikuwa nasimamia mitihani."

"Hukwenda."

"Nilituma rambirambi. Kwa simu."

"Ilifika," akasema Ma Kokushubira, akaweka samaki kwenye sahani ya Evelina.

Mwalimu akaketi. Kokulinda hakuwahi kumwonea mumewe huruma namna ile, na katikati ya huruma hiyo akaona pia kwamba asiposema sasa hatasema tena. Akausogeza mkono wake wa kushoto mezani, kati ya sahani na bakuli la kunawia, akavuta nguo juu.

"Baba Odeta, shika hapa."

Akashika.

"Kuna kijiti. Nilikiweka Evelina akiwa wa wiki sita. Nilikuficha kwa sababu niliogopa kufa, na wewe ulikuwa unauliza asilimia. Bado naogopa."

Mwalimu hakuondoa kidole. Alikipitisha juu ya kijiti, mwanzo mpaka mwisho, kama anavyopitisha kidole chini ya jibu la mwanafunzi akitafuta hatua iliyorukwa. "Miaka mitatu," akasema. "Kila mwezi nilikuwa napiga hesabu."

"Najua."

Aliinuka akatoka nje. Walimsikia Chenge akimwita kutoka upande wa pili wa ua, "Mwalimu, vipi, kuna habari njema?"

Siku tatu zikapita. Alikwenda shule, akarudi, akamsalimia mama yake, akala. Jioni aliwaangalia watoto wakila, hasa mmoja, na Teodora, aliye na miaka kumi na mmoja na hapendi kutazamwa, akahamia na sahani yake jikoni. Kalenda ilibaki juu ya redio. Alhamisi akamwambia mkewe, "Kesho nakupeleka kliniki."

Kokulinda akasema sawa. Hakuuliza kwenda kufanya nini. Mwanamume anaweza kumpeleka mkewe kliniki kuweka kijiti, na anaweza kumpeleka kukitoa, na njia ni ile ile. Asubuhi akampa Odeta maagizo ya nyumba mara mbili, akambusu Evelina mara mbili, akapanda pikipiki. Kutoka Buswelu mpaka kliniki alikuwa amemshika kiuno mtu ambaye hakujua anawaza nini, na kwenye kila tuta ilimbidi amshike zaidi.

Nesi alikuwa yule yule. Alimtambua Kokulinda, akamtazama Mwalimu kwa wasiwasi, akauliza kwa sauti ya kazi: "Leo tunakitoa tu, au tunaweka kingine, au mmeamua kufunga kizazi kabisa?"

Kokulinda akamtazama mumewe.

"Muulize yeye," Mwalimu akasema. "Mkono ni wake." Kisha, baada ya kufikiri, akaongeza, "Na kovu."

Kokulinda alikuwa ameandaa maneno mengi njiani, ya kuomba na ya kugomba. Hakuyahitaji hata moja, na kwa sababu hiyo machozi yakamtoka. "Nataka kufunga," akasema, akijifuta kwa kanga. "Kabisa."

Nesi akavuta fomu kutoka mtotoni mwa meza. Akaandika jina, umri, kata. Akafika kwenye mstari wa watoto, akainua macho kwa Mwalimu, kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu.

"Watoto walio hai?"

Kokulinda akatazama sakafu. Jibu alilijua. Alilisikia miaka kumi na saba, kanisani, kwenye misiba, kwa mafundi waliojenga nyumba.

"Odeta," Mwalimu akasema. "Justa."

"Idadi tu, baba."

"Teodora," akasema. Akakohoa, akavua miwani, akaivaa tena. Nesi akamtazama Kokulinda, Kokulinda akatikisa kichwa kumwambia asimharakishe.

"Samahani," Mwalimu akasema. "Naomba nianze upya. Odeta. Justa. Teodora."

Nesi akalaza kalamu juu ya fomu, akangoja wengine.